Land Rover ya Marehemu na Hesabu ya Maili Zake

Tulipofika Kitale kumzuru dada yetu mkubwa, eda yake ilikuwa imekwisha miezi michache nyuma. Wanawe wamekwisha kuhama, mmoja ameolewa Bungoma na wengine wako Mombasa, naye ameazimia kurudi pwani kwao. Nyumba ilikuwa imepata mpangaji. Kilichobaki ni Land Rover ya marehemu shemeji yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, iliyokuwa imeegeshwa chini ya mparachichi, tairi la akiba juu ya boneti na kuku wawili kivulini mwake.

Usiku ule baada ya chakula akatuambia: "Ndugu yangu, kuna mwalimu wa Bungoma anataka kulinunua gari. Ameniuliza limetembea kiasi gani, nikamsomea 41,300 kama nilivyoona. Amefurahi mno. Furaha yake ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu gari hili limenipeleka hospitali kujifungua watoto wote watatu, na leo linasema ni kijana."

Dalali aliyewakutanisha alikuwa amemwambia asijisumbue. Namba imo ndani ya gari, mnunuzi ana macho, na asiyeuliza zaidi hana haki ya kujibiwa zaidi. Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, na huwa hatuyapendi. Waliosoma milango ya biashara katika vitabu vya fiqhi watamkumbuka mnyama anayeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa, viwele vimefungwa, ili mnunuzi avione vimejaa na adhani kila siku huwa hivyo. Mwenye mnyama hakusema uongo hata neno moja. Kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari ya kubaki na mnyama au kumrejesha pamoja na pishi ya tende. Namba 41,300 katika gari la mwaka 1968 tuliiona kuwa ni kiwele kilichofungwa, ingawa hakuna aliyekusudia kukifunga.

Basi tukamwambia dada yetu kwamba kabla ya kumwambia mnunuzi neno lolote, sharti sisi wenyewe tujue ukweli ni upi. Na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuujua.

Gari lenyewe ni la ile aina ya chasi fupi, toleo la pili lililotengenezwa Solihull, Uingereza, hadi mwaka 1971. Uso wa spidomita yake umeandikwa kwa maili, na kihesabio chake kina tarakimu tano tu. Maana yake ni kwamba likifika 99,999 hurudi sifuri zote, kama mzee aliyeamua kuanza kuhesabu umri wake upya. Jambo hilo la kwanza hata watoto hulijua. La pili tulilijua baada ya kufungua daftari la marehemu.

Shemeji yetu alikuwa mtu wa kuandika. Alilinunua gari mwaka 1984 kutoka shamba moja la Trans Nzoia, likiwa linasoma 72,000 na kitu. Tangu siku hiyo kila alipomwaga oili, kila alipobadilisha breki, aliandika tarehe na namba iliyokuwa kwenye kihesabio. Mwaka 1993 ameandika kwa wino mwekundu kwamba namba zimerudi sifuri wakiwa njiani. Kisha Aprili 1996, kihesabio kikisoma 11,300, ameandika kwamba ametoa matairi ya 6.00-16 na kutia 7.50-16, kwa sababu ya matope ya Endebess alikokuwa akichukua mahindi. La akiba hakulibadilisha. Ndilo lile lililokuwa juu ya boneti.

Hapa tuwaombe radhi kina mama wasomaji wetu, tueleze kidogo yaliyomo nyuma ya kile kioo, kwani bila ya hayo habari haitaeleweka.

Katika spidomita za zamani mna kazi mbili zinazoshiriki waya mmoja. Chini ya gari, kwenye gia, huchomoza kebo, na ndani ya ala yake kuna waya unaozunguka kadiri magurudumu yanavyozunguka. Ufikapo kwenye dashibodi, waya huu huzungusha sumaku. Sumaku imefunikwa na kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakigusani nayo kabisa. Inapozunguka huzusha mikondo ya umeme katika kikombe, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kiifuate. Kikombe kingezunguka moja kwa moja lau si kamani ndogo, nyembamba kama ya saa ya mkononi, inayokizuia. Mwendo ukizidi, mvuto wa sumaku huishinda kamani zaidi, na mshale hupanda. Njia hii ilibuniwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na magari yaliitumia kwa zaidi ya miaka 80.

Kazi ya pili ni ya kihesabio. Waya ule ule huzungusha gia za mtindo wa parafujo, nazo husukuma magurudumu madogo yenye tarakimu. Hapa hapana sumaku wala kamani, ni meno kwa meno. Wazo lake ni la kale sana. Mrumi Vitruvius, aliyeishi kabla ya kuzaliwa Mtume kwa zaidi ya miaka 500, alieleza gari la kukokotwa lililodondosha kijiwe kimoja katika chombo kila maili moja.

Kwa hiyo mshale waweza kuzeeka na kudanganya huku kihesabio ki sahihi. Na fundi aweza kuukaza au kuulegeza mshale mpaka useme kweli, na kihesabio kikaendelea na kosa lake kama kwamba hakuna lililotokea. Tofauti hii ndiyo iliyotushughulisha siku mbili zilizofuata.

Kosa la kihesabio cha dada yetu lilitokana na matairi. Kihesabio hakijui urefu wa barabara. Kinachojua ni idadi ya mizunguko tu, na mtengenezaji alipanga meno ya gia zake kwa tairi dogo. Tairi kubwa hupita ardhi zaidi kwa kila mzunguko, na ile ziada haiandikwi popote.

Asubuhi tukatafuta utepe wa kupimia na chaki. Tulichora alama kwenye tairi la nyuma na nyingine sakafuni, kisha vijana wawili wa jirani wakalisukuma gari taratibu mpaka alama iguse ardhi mara ya tano. Utepe ukasema mita 12 na sentimita 10, yaani mita 2.42 kwa mzunguko. Tukalishusha tairi la boneti, ila hatukulipima likiwa tupu, maana tairi lisilobeba uzito wa gari huwa refu kidogo kuliko lililobeba. Tukalifunga nyuma kwa jeki na kurudia: mita 11 na sentimita 5, sawa na mita 2.21. Gawanya, utapata kwamba maili 100 za kihesabio ni takriban maili 109 na nusu za barabarani.

Dada yetu hakuridhika. Alisema, na kweli alisema haki, kwamba hesabu hiyo yote imesimama juu ya dhana kuwa saa ya ndani haijawahi kubadilishwa. Je, kama wenye shamba walitia ya gari jingine? Spidomita nyingi za Uingereza za zama zile zina namba ndogo usoni, chini ya mshale, inayotaja waya uzunguke mara ngapi kwa maili moja. Tukaifungua kebo nyuma ya dashibodi, tukachomeka kipande cha kadibodi katika ncha ya waya kiwe mfano wa mshale, na yeye mwenyewe akaketi na miwani yake akihesabu, huku vijana wakisukuma mita 50 tulizozipima. Tulifanya hivyo mara tatu. Mara zote lazima gari lisukumwe ili magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Anayeinua gurudumu moja kwa jeki na kulizungusha kwa mkono atadanganywa na difu, atahesabu nusu akidhani ni nzima.

Hesabu ya dada yetu, ilipozidishwa kufika mita 1,609 za maili moja, ilikuwa pungufu ya ile namba ya usoni kwa karibu asilimia 9. Ndivyo hasa inavyopaswa kuwa kwa tairi kubwa juu ya saa iliyopangiwa tairi dogo. Njia mbili mbalimbali zikakutana mahali pamoja, na saa ikawa ni ile ile ya asili. Wale vijana walilipwa kwa mahamri na chai, na mmoja akauliza kama hisabati hii hufundishwa chuoni.

Kesho yake tulisafiri naye kwenda Bungoma, yeye akiendesha. Tuliweka simu juu ya dashibodi ipime mwendo kwa setilaiti. Tukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, mvua ya usiku ikiwa bado imetanda kwenye mahindi. Katika barabara iliyonyooka tukamwomba aushike mshale kwenye maili 40 asiuachie. Kwa ajili ya matairi peke yake tulitarajia simu iseme kama kilomita 70 kwa saa. Ikasema 76.

Kumbe mshale ulikuwa na maradhi mawili. Moja ni la matairi, jingine ni la uzee, kwani sumaku ya miaka zaidi ya 50 hupungua nguvu, ikashindwa kukivuta kikombe kama zamani. Tulipoingia Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, mshale ulikuwa kwenye 30, ambazo ni kilomita 48, na dada yetu akajiona yumo ndani ya kikomo cha kilomita 50 kwa saa kilichowekwa kwa miji yetu. Kwa kweli alikuwa akienda 57. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kwa miaka mingi amewapeleka watoto wa watu madrasa kwa gari hili, akijisifu kwa uendeshaji wa polepole.

Watengenezaji wa leo wanalijua jambo hilo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 haikubali spidomita ionyeshe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli; ikikosea, na ikosee upande wa kuzidisha. Lakini kanuni huangalia gari lilipotoka kiwandani na matairi yake. Mwenye Probox akitia matairi makubwa ili kuliinua kwa ajili ya barabara mbovu, naye ameingia katika hesabu hii hii, hata kama dashibodi yake ni ya taa na kompyuta.

Tulipozima injini mlangoni kwa mwanawe, kihesabio kilikuwa kimeongeza maili 47, na simu ilisema kilomita 83 kasoro kidogo, ambazo ni maili 51 na nusu. Tofauti ni ile ile ya tisa na nusu kwa mia. Kihesabio hakikuwa na maradhi ya uzee hata kidogo.

Hapo akatuuliza swali ambalo, tukisema kweli, ndilo tulilokuwa tukilingoja tangu Kitale. Marehemu alikuwa akisoma 47 kila safari, na kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi masafa ya kupunguza sala ni maili 48, aliwakataza kupunguza. Je, miaka yote hiyo walikosea?

Tulimjibu kwamba maili 48 za wanazuoni ni za Kihashimi, si za Kiingereza, na haifai kuzisoma kwenye dashibodi ya Solihull. Waliozigeuza kuwa kilomita katika zama zetu wametofautiana, wako wanaosema kama 81 na wako wanaokaribia 89. Tena masafa huanza kuhesabiwa pale msafiri anapoyapita majumba ya mwisho ya mji wake, na nyumba ya dada yetu iko karibu kilomita 2 ndani ya Kitale. Ukizitoa hizo, njia ya Webuye inabaki 80 na kitu, chini kidogo ya hiyo 81. Ya Chwele ni fupi zaidi. Marehemu alisimama mahali sahihi kwa hesabu isiyo sahihi. Na lau ingalikuwa kinyume, aliyekamilisha rakaa nne kwa kuwa na shaka amerudi kwenye asili, wala hana la kulipa. Dada yetu alicheka kwa mara ya kwanza katika safari ile, akasema kwamba mumewe hata akikosea hukosea akiwa na bahati.

Alasiri tukampelekea spidomita fundi mmoja wa saa pale Bungoma, ambaye pia hutengeneza saa za magari. Kabla hatujaeleza haja yetu aliigeuza mkononi, akatuuliza kwa upole: "Mama anataka tuandike ngapi?" Hakuliona kuwa ni tusi. Kwa magurudumu ya tarakimu kama yale ni kazi ya dakika 10, na ndiyo kazi anayoombwa na wengi. Magari mapya nayo hurudishwa nyuma kwa kompyuta bila bisibisi kuguswa. Ndiyo maana dada mwenye kununua gari asiitazame namba peke yake. Aitazame mipira ya pedali, usukani ulivyolika, kiti cha dereva, na kile kikaratasi cha oili ambacho mafundi hubandika na wauzaji husahau kukitoa.

"Tunataka useme kweli," dada yetu akamjibu, "kadiri utakavyoweza."

Fundi akasema mshale utaweza. Aliirudishia sumaku nguvu kwa koili yake ya umeme, kisha akafunga spidomita kwenye mashine ya kutobolea ambayo mizunguko yake kwa dakika anaijua. Kanuni yake ni nyepesi na tuliipenda: mwendo wa maili 60 kwa saa ni maili moja kwa dakika, kwa hiyo idadi ya mizunguko ya waya kwa maili moja ndiyo idadi yake kwa dakika mshale unapokuwa kwenye 60. Tukampa namba ya dada yetu ya mita 50, si ile iliyoandikwa usoni, naye akairekebisha kamani kwa kibano mpaka mshale ukatulia. Jioni tulijaribu njia ya kwenda Chwele, na simu na mshale vikaachana kwa kilomita 2 tu.

Kihesabio hakuweza kukisahihisha. Ilihitajika gia nyingine, au spidomita ya ile Land Rover ndefu iliyotoka kiwandani na matairi makubwa, na hakuwa nayo. Dada yetu akakata kipande cha karatasi ngumu, akaandika kwa hati nzuri: "Kila 10 zihesabuni 11," akakibandika chini ya kioo.

Usiku tukakaa na daftari na kikokotoo cha simu. Namba 41,300 ilikuwa kwa hakika 141,300, kwa sababu ya kule kurudi sifuri mwaka 1993. Katika hizo, 30,000 za mwisho zilitembewa kwa matairi makubwa, na kwa hivyo ni 32,850. Jumla maili 144,150, sawa na kilomita 232,000 hivi. Mwalimu aliyesomewa 41,300 alikuwa akifikiria kilomita 66,000. Na bado daftari lilikuwa na ukurasa unaosema kebo ilikatika na ikakaa miezi 14 bila kutengenezwa, gari likitembea na namba zimesimama. Na kabla ya 1984 hakuna ajuaye kama namba ziliwahi kurudi sifuri mara nyingine. Kwa hiyo dada yetu aliandika: "Si chini ya kilomita 232,000, na yaelekea ni zaidi," akatia sahihi.

Mwalimu alipokuja kulichukua gari, alimpa ile karatasi kabla ya kumpa chai. Aliisoma mara mbili. "Mama, dalali hakuniambia hivi." Dada yetu akamjibu kwamba dalali hakulijua, na yeye mwenyewe hakulijua mpaka juzi. Mwalimu akaomba udhuru akaenda zake, na sisi tukadhani biashara imekufa. Dalali alipiga simu mara tatu, na mara ya tatu sauti yake haikuwa nzuri.

Baada ya isha mwalimu akarudi pamoja na mkewe. Mke ndiye aliyekuwa na maswali: aliomba daftari, akalipekua ukurasa kwa ukurasa chini ya taa, akauliza juu ya breki za mwaka 2011 na giaboksi iliyofunguliwa 2004. Kisha wakanong'onezana. Walipunguza shilingi 40,000 katika bei ya awali, na dada yetu akakubali bila kubishana. Wakaomba jambo moja zaidi, kwamba daftari liende pamoja na gari.

Hapo alisita. Ni hati ya mumewe, miaka zaidi ya 30, na katikati ya habari za oili na plagi ameandika tarehe za kuzaliwa watoto na siku mvua ilipowazuia Kamukuywa. Asubuhi tulikwenda mjini tukatoa nakala ya kurasa zote, ile ya wino mwekundu ikatoka nyeusi kama nyinginezo. Nakala akawapa wao, na daftari limo katika sanduku lake lililokwisha kufika Mombasa.